Mbuzi wa Orofa ya Saba

Vila Real, Ureno
Jumatatu, 18 Novemba 2024

Kalekye,

Usishangae kuona barua pepe. Nimekufungia WhatsApp na simu pia nimekufungia. Hii nimeiacha wazi kwa sababu nina swali moja, na nataka ulijibu kwa maandishi ili kesho usije ukasema sikukuelewa.

Jana nimeona picha aliyoiweka Kimanzi. Mbuzi watatu wamefungwa kwenye geti ya ploti yetu hapo Kayole, pale pale tunapoanika nguo. Baba amevaa lile koti lake la kwenda harusi za watu. Wajomba wa Kimanzi wameketi kwenye viti vya plastiki vya kanisa, na wewe uko nyuma yao umeshika sinia, nywele umesuka mpya. Chini ameandika, "Asanteni kwa kutupatia mke." Mke gani huyo? Mimi niko huku nimevaa soksi mbili mbili na jaketi kitandani, nakariri vitenzi vya watu, na nyumbani mnachinja mbuzi wa kunioza.

Mlikula ntheo yangu. Na usinieleze kwamba ni mila ndogo, maana wewe ndiye uliyenifundisha kuwa kwetu Ukambani mambo ya kanisani ni maua tu, na mbuzi wa ntheo wakishaliwa msichana ni mke wa watu. Nikizaa leo, mtoto ni wa akina Kimanzi. Nikifa huku, wao ndio watakaokuja kunidai wanizike. Haya nimeyajua tangu nikiwa na meno ya maziwa, na uliyaona wewe mwenyewe kwa binti za shangazi.

Ulinifundisha pia kwamba msichana huulizwa. Kabla kisu hakijaguswa, anaitwa mbele ya wazee na kuulizwa kama anawajua hao wageni na kama mbuzi wao waliwe. Akinyamaza, amekataa, na mbuzi wanarudi walikotoka. Haya, mimi sikuwepo. Nani aliulizwa hapo? Nani alijibu?

Ijumaa, siku moja kabla ya karamu yenu, mwalimu wetu Celeste alitaka kila mtu asimame ajieleze kwa Kireno. Nikasimama. Nikasema Baba anachonga vinyago, dada yangu anashona sandali soko la Kariokor, na mimi ni solteira, yaani sijaolewa. Mwalimu akanisifu mbele ya wote kwa kutamka vizuri. Kesho yake mkanifanya mwongo.

Nataka jina tu. Mengine kaa nayo.

Muthoki


Kariokor, Nairobi
Jumatano, 20 Novemba 2024

Muthoki,

Hujambo. Mtu husalimia hata akiwa na hasira, hayo pia nilikufundisha. Sisi tuko salama, Baba kikohozi kimepungua na mikono inamuuma asubuhi tu.

Nimeisoma barua yako nikiwa kibandani, na sandali ya mteja mkononi, mpaka nikajidunga sindano. Wewe mtoto una mdomo. Wazee waliuliza, wakajibiwa, watu wakala, wakaomba Mungu, wakaenda kwao. Mambo ya wazee hayaulizwi na mtu aliye Ulaya akiwa amejifunika blanketi.

Na huyo Kimanzi unayemsema kama mwizi wa kuku, nani alimleta kwetu? Si wewe? Siku ya safari ulimning'inia shingoni pale uwanja wa ndege mpaka askari akawaambia msogee, mnazuia watu. Mimi nilisimama na mkoba wako kama mfanyakazi. Tangu uondoke amekuja kila Jumapili. Baba alipozidiwa na kifua Oktoba, Kimanzi ndiye aliyemteremsha ngazi mgongoni. Wewe ulituma emoji ya mikono inayoomba. Mtu ulimwambia akungoje, akangoja, akaleta mbuzi kwa heshima, na lori analoendesha akalipumzisha siku nzima. Sasa kosa lake liko wapi?

Mama yake ana maneno, hilo nakubali. Wamesema watarudi katikati ya Desemba kuzungumza yanayofuata, na anauliza mke wa mtu anafanya nini mwaka mzima akijifunza lugha tu, hata hiyo digrii ya misitu hajaigusa. Anataka urudi Krismasi akuone. Nimemwambia mambo hayo tutayapanga polepole.

Nifungulie simu. Kuandikiana hivi ni kwa watu walioachana.

Dada yako,
Kalekye


Vila Real
Jumapili, 24 Novemba 2024

Kalekye,

Umeandika ukurasa mzima na jina hukulitaja. Nimelipata kwingine.

Nimco wa duka la chini amenitumia sauti. Hakuwa anasema umbea, usiende kumgombeza. Alikuwa ananipongeza, maskini, akaniambia ilikuwa sherehe nzuri na kwamba wao Wasomali wangefunga ndoa kwa kusoma dua, lakini hata hivyo alilia pale dada yangu aliposimama. Nikamuuliza, alisimama kufanya nini? Akanieleza yote. Mzee mmoja aliuliza msichana yuko wapi. Wewe ukaweka sinia chini, ukajifunga leso kiunoni, ukasema, "Sauti ya Muthoki ni mimi. Anawajua. Mbuzi waliwe."

Nimeisikiliza mpaka simu ikaisha chaji. Sauti ya Muthoki ni wewe? Tangu lini? Nilipokuwa na miaka sita, sawa, ulinisemea shuleni na kwa daktari. Sasa mimi ni mtu mzima, naishi katika nchi ambayo mtu wa kunisemea hakuna hata mmoja, na nakwambia si rahisi. Hawa watu wanameza nusu ya kila neno. Mwezi wa kwanza niliingia dukani kununua chumvi nikatoka na sukari kwa sababu niliona aibu kurudisha. Benki nilienda mara tatu. Basi lilinipitisha mpaka kijijini, nikarudi kwa miguu kwenye mvua. Lakini kila neno ninalolijua sasa nimelitafuta mwenyewe. Halafu wewe unasimama Kayole na kunijibia jambo la maisha yangu yote kwa sentensi tatu.

Sasa sikiliza jambo ambalo Kimanzi wako mwenye heshima hakukwambia. Nilimwacha. Mwisho wa Septemba, kwa simu, kwa Kiswahili kisicho na kona. Kila usiku alikuwa ananiambia nizungushe kamera chumbani aone kama kuna mtu. Nikichelewa darasani, kesi. Akaniambia masomo haya ni mchezo na Krismasi niwe nimerudi. Nikamwambia basi, imetosha, tafuta mwingine. Akasema sawa. Sikukwambia kwa sababu nilijua utalia kuliko yeye, na nilitaka kwanza nipate nguvu za kukusikiliza ukilia.

Kwa hivyo hapo kwenye viti vya kanisa aliketi mtu aliyejua ameachwa. Alileta mbuzi kunifunga, na fundo ukalifunga wewe.

Kuna mbuzi wa kukataa, mbui ya ulee. Mmoja tu akirudishwa, ndoa imekufa, yanayobaki wazee watamalizana. Mwambie Baba ampeleke kabla hao watu hawajarudi Desemba. Mimi siwezi kuja. Nina mtihani wa kiwango mwanzo wa Januari, na asiyefanya anapoteza nafasi na ufadhili. Umesikia? Ampeleke.

Muthoki


Kayole
1 Desemba 2024

Kwa binti yangu Muthoki,

Salamu katika jina la Bwana. Ninakuandikia mimi baba yako, Nzivo, kwa simu ya Kalekye, na kidole kimoja kwa sababu vingine havikunjiki.

Nimesomewa barua yako yote ya mbuzi. Nimehuzunika. Mimi si mtu wa kuoza mtoto kwa nguvu. Siku ile kabla wageni hawajaingia nilimuuliza dada yako kando, je, mtoto ameambiwa. Akaniambia amezungumza nawe kwa simu na umekubali kwa furaha, ila huko ni saa ya masomo ndiyo maana hutaonekana. Nikashukuru. Nikala.

Sasa unataka nirudishe mbuzi. Binti yangu, watu wale nimekula nao nyama juzi. Mzee Zedekiah, mjomba mkubwa wa kijana, tumechonga pamoja tangu tukiwa vijana, benchi moja, patasi moja. Nitampelekea mbuzi nimwambie nini? Kwamba nyumbani kwangu msichana hakuulizwa? Hilo halijawahi kutokea kwetu, na sitakuwa mimi wa kulianzisha.

Mbuzi wa ulee hupelekwa na baba. Mimi sipeleki. Ukitaka kukataa, njoo mwenyewe ukatae mbele yao kwa mdomo wako, nami nitakaa kando yako na sitakugombeza. Vaa nguo nzito.

Baba yako,
Nzivo


Vila Real
3 Desemba 2024

Kalekye,

Hata Baba umemdanganya. Nilidhani mliwadanganya wazee, wewe na Baba, mkijua wote wawili. Kumbe mzee wa watu alikuuliza, akakuuliza vizuri, kando, na wewe ukamtazama usoni ukamwambia nimekubali kwa furaha. Kwa furaha! Hukuona haya?

Leo nililia jikoni, na hapa jikoni ni kwa mama mwenye nyumba, Dona Lurdes, mjane, anavaa nyeusi mpaka aproni. Aliniuliza ni nini. Nikajaribu kumweleza kwa Kireno changu cha kuombaomba, nikasema nyumbani wamenioza kwa mbuzi. Akaniuliza mbuzi wangapi. Nikamwonyesha vidole vitatu. Akafikiri, akasema wa maziwa? Kisha akaniwekea supu ya kabichi na kunisimamia mpaka ikaisha. Hakuelewa kitu, lakini yeye angalau aliuliza.

Baba anasema nije. Nikija sina nauli ya kurudi huku, nakosa mtihani, nikikosa mtihani narudi Kayole jumla, na mama yake Kimanzi yuko hapo na mikono wazi. Umenifungia milango yote kwa zamu.

Sitaki tena kusikia Kimanzi alimbeba nani mgongoni. Yeye nimeshamjua. Nataka kukujua wewe. Kwa nini? Ulinilea. Uliuza redio ili nipate viatu vya shule. Ulikuwa ukinipiga nikishika namba mbili. Mtu huyo huyo anakaaje chini na kunifanyia hivi?

Andika kweli au usiandike.

Muthoki


Kayole
Jumapili, 8 Desemba 2024

Muthoki,

Unataka kweli. Haya, ishike, na ikikuunguza usinilaumu.

Sanduku ulilobeba ni lile la kahawia lenye kufuli mbovu. Nilikupa jipya ukalikataa, ukasema hilo ni imara. Hukujua lilikuwa na pacha wake. Mama aliondoka na pacha wake kwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, wewe ukiwa chekechea. Alisema miaka miwili. Alipiga simu kila Ijumaa, na mimi nilikuwa nakubeba mpaka kwa simu ya jirani, unamwimbia. Kisha ikawa mara moja kwa mwezi. Akaanza kuchanganya maneno yao akizungumza, anasema yalla, anasema khalas, anacheka, anasema amezoea. Nami nilifurahi kwamba amezoea, mjinga mimi. Kisha simu ikashikwa na mtu mwingine asiyemjua. Hakufa, maana Mkamba mmoja alimwona sokoni Jeddah miaka mitatu baadaye, amenenepa, ameshika mtoto mkono. Hilo Baba halijui mpaka leo na wewe sasa ndiwe unayelijua. Niliacha shule kidato cha pili. Nikakulea.

Sasa wewe. Mwezi wa kwanza ulinipigia kila siku. Baridi, Kale. Nguo hazikauki, Kale. Mkate wanauning'iniza kwenye mlango asubuhi na hakuna anayeiba, Kale, ungeona. Nilikuwa naacha kushona ili nikusikilize. Oktoba ikawa Jumapili kwa Jumapili. Halafu siku moja nilikuuliza kama umekula, ukanijibu kwa neno lao, pois, badala ya ee. Ukacheka. Ukasema, "Aki nimezoea."

Nilikata simu nikaingia choo cha soko nikakaa. Hukuniuliza kwa nini nilikata.

Wiki ile ile Kimanzi akaja na habari ya mbuzi. Nikaona hii ndiyo. Mtu aliye na mume nyumbani hurudi. Mama hakuwa na ntheo, yeye na Baba walichukuana tu hapa Nairobi, mtaa wa Burma, wakaanza kuishi, hakuna mzee aliyekula kitu, hakuna aliyekuwa na haki ya kumwita. Mimi nikasema wewe utaitwa. Kama Baba angekuuliza ungekataa au ungesema subiri, na mimi kusubiri kumenitosha. Kwa hivyo nilisimama nikajibu. Na mbele ya wale wazee sikutetemeka hata kidogo.

Kwamba umemwacha Kimanzi, hilo sikujua. Angeniambia ningemfukuza na mbuzi wake. Au pengine ningenyamaza, sijui, nisijifanye mtakatifu. Lakini alikula chapati zangu kila Jumapili na siri hiyo mdomoni, na kwa hilo nitamshughulikia.

Usiniite muuzaji. Sijakuuza. Nilikufunga, na aliyefungwa na anayeuzwa si mtu mmoja.

Kalekye


Vila Real
10 Desemba 2024

Kalekye,

Mimi si Mama.

Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara nyingi nikitafuta ya kuongeza, na ya kuongeza ni hii. Kuna duka la vyakula la binamu wa Mnepali wa darasa letu. Nimesafiri saa nzima kufuata unga wa mahindi, nikapika ugali, ukatoka wa njano na mtamu mtamu, nikaula wote nikilia. Kila mti wanaotuonyesha huko milimani naufikiria chini ya patasi ya Baba, kama utapasuka au utakubali. Nimechagua misitu kwa sababu yake. Nilikuwa nahesabu tayari nitakavyorudi, nitafanya kazi wapi, na nyumba gani nitawapangia nyinyi wawili, iwe ya chini, Baba asipande ngazi. Kurudi lilikuwa jambo ambalo sijawahi hata kujiuliza.

Sasa najiuliza. Tangu Novemba, kila usiku, najiuliza kama kwetu ni mahali pa kurudi. Nikishuka ndege, nashuka nikiwa mke wa mtu anayetaka kuzungushiwa kamera. Hapa hakuna anayenijua, ni kweli, na mvua haiishi, na mtu akinisalimia nachelewa kujibu. Lakini hapa nikiulizwa swali, nasubiriwa mimi nijibu.

Uliogopa nisirudi. Umenipa sababu ya kwanza ya kutorudi, na ni wewe uliyeitengeneza kwa mkono wako.

Hao watu wanakuja lini, Jumamosi? Basi fanyeni mnavyojua. Mimi nitasoma kwa mtihani.

Muthoki


Kayole
Jumapili, 15 Desemba 2024

Muthoki,

Hujambo.

Barua yako ya Jumanne sikuijibu. Nimekuwa na hasira nawe, na Kimanzi, na Mama, na yule Mkamba aliyemwona Jeddah badala ya kufumba macho. Nikachoka kukasirikia watu walio mbali.

Ijumaa nilienda soko la mbuzi la Kiamaiko nikachagua mbuzi dume, mweusi, mdomo mweupe. Nikamwambia Baba, mbuzi huyu hapa, mpeleke. Alikuwa anachonga twiga. Hakuinua kichwa. Nikamwambia, usipopeleka napeleka mimi. Akasema mwanamke hajawahi kupeleka ulee. Nikamwambia hata mwanamke kujibia mwenzake hakujawahi kutokea, na mlikula. Akaacha patasi ikaanguka. Tangu hapo hajaniongelesha, ila anakula ninachopika.

Wajomba walikuwa wakutane jana asubuhi kwa mama yake Kimanzi huko mtaa wa Pipeline ndipo watoke pamoja kuja kwetu. Nikaona kwa nini niwangoje, nikawafuata. Unazijua zile ghorofa. Yule mama anakaa orofa ya saba, ngazi za giza, upana wa mtu mmoja na mtungi wa maji. Mpaka orofa ya tatu mbuzi alipanda kama mpangaji. Hapo akakataa. Nyuma yangu wanawake wamebeba maji kichwani wananitukana, mbele mtu anashuka na godoro. Yaliyotokea kati ya orofa ya tatu na ya saba sitayaandika, hayo ni ya mdomo. Nilifika bila leso na kiatu kimoja, na nusu ya ploti inanifuata kuona mwisho.

Mama yake alifungua mlango, akaangalia mbuzi, akaniangalia mimi, akacheka. Akasema ulee huletwa na wanaume, nirudi na baba yangu. Wajomba walikuwa ndani wanakunywa chai. Nikasema kwa sauti ili hata waliokuwa kwenye ngazi wasikie, "Aliyejibu ndiye anayerudisha. Muthoki hakuulizwa. Nilijibu mimi, na nilidanganya."

Mzee Zedekiah akaweka kikombe chini. Akaniuliza kama ninajua ninachosema, kwamba kuanzia leo hakuna mzee atakayechukua neno langu mbele ya mbuzi, iwe kwa mtoto wangu nikimpata, iwe kwa nani. Nikasema najua. Mama yake Kimanzi akaanza kunipigia makelele, mwongo, mwanamke asiyeolewa anaharibia wenzake. Nilimwacha amalize, maana mwongo ni kweli.

Kisha nikamgeukia Kimanzi. Alikuwa amekaa kwenye pembe ya kochi na simu. Nikamuuliza mbele ya wajomba zake, "Muthoki alikuacha Septemba, au hakukuacha?" Akaangalia simu. Mzee Zedekiah akarudia swali kwa Kikamba, polepole. Kimanzi akanyamaza. Tukangoja wote, ndani na nje, hata mbuzi. Akanyamaza tu. Na kwetu anayeulizwa mbele ya wazee akanyamaza, unajua amesema nini.

Mzee Zedekiah akainuka akaja mlangoni. Sikujua anakuja kunifukuza au vipi. Akanyoosha mkono akaishika kamba ya mbuzi, akaifunga kwenye chuma cha baraza, hapo orofa ya saba, kati ya nguo za watu. Akaniambia nimwambie Baba atampitia Jumatano, wana twiga wa kumaliza.

Kwa hivyo wewe si mke wa mtu. Waambie huko darasani, hukudanganya.

Kayole nzima inanijua sasa. Nimco ameniletea chai ya tangawizi akakaa nami bila kuuliza. Nimekaa na miguu iliyovimba na bado nina hasira nawe, usidhani imekwisha. Ulimwacha mtu ukanificha. Ulinifungia simu kama mkopeshaji. Na yale ya kujiuliza kama utarudi, nimeyasoma kila siku tangu Jumanne. Mimi niliulizwa swali lako nikajibu, sasa limerudi kwako. Ukibaki, baki. Sitakuuliza tena.

Mtihani mwema.

Kalekye


Vila Real
17 Desemba 2024

Kalekye,

Bado nina hasira. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye baridi nje ya darasa kwa sababu sikuweza kungoja nifike nyumbani, na hasira iko pale pale.

Leo ndiyo siku ya mwisho kabla ya likizo. Mwalimu Celeste alituambia kila mtu aeleze jambo moja lililotokea kwao wiki hii. Nikasimama. Nikasema dada yangu amepandisha mbuzi orofa saba. Wakacheka wote, mpaka yule Mnepali. Sikucheka. Mwalimu akaniuliza kwa nini alimpandisha. Nilijua maneno machache sana ya kulijibu hilo, lakini aliningoja, na darasa likaningoja, nikatafuta moja moja mpaka nikamaliza. Mwisho hakuna aliyekuwa anacheka.

Ya Jeddah usimwambie Baba. Na mimi sijui nitayaweka wapi.

Simu yako nimeifungua. Usipige leo, leo nitakutukana. Piga kesho jioni, uanze na orofa ya tatu, na usiruke hata ngazi moja. Usiniulize narudi lini. Ukiniuliza nitakata. Usiponiuliza, nitakwambia.

Muthoki